Siku Maziwa Alipobadilisha Zamu

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Njia nzima ya reli, kuanzia vitongojini mpaka mjini, walimwita Maziwa. Usidhani alikuwa mweupe, au mpenzi wa maziwa. Alikuwa mweusi tii, na maziwa yenyewe yalimsokota tumbo. Jina alipewa na abiria. Kulikuwa na mama mmoja mchuuzi aliyepanda treni ya kwanza kila alfajiri, ndoo ya maziwa mapajani, na kila siku alifika mjini nguo zimelowa, kwa sababu madereva wetu, Mungu awasamehe, wakifunga breki utadhani wameona nyoka. Siku moja akafika mkavu. Akasimama pale stesheni, mikono kiunoni, akapaza sauti, "Leo nani kaendesha? Jamani, huyu ndiye dereva! Hata tone halijamwagika!" Likamganda hilo jina mpaka mkewe akawa analitumia.

Siri yake haikuwa uchawi. Kuna mteremko pale kwenye machimbo ya kokoto, reli inashuka ubavuni mwa kilima, inapinda nyuma ya ukuta wa mawe, halafu ghafla unakikuta kivuko cha barabara. Madereva wengine husubiri mpaka wauone ubao wa kupunguza mwendo ndipo wakumbuke kwamba treni ina breki. Maziwa alianza kupunguza kule juu kabisa, kabla hata mteremko haujaanza. Akitokeza kwenye ile kona, treni yake inatembea taratibu kama mtu anayerudi nyumbani ameshiba. Wenzake walimcheka, wakasema anaendesha jeneza. Abiria hawakucheka. Waliweza kufumba macho na kujua ni zamu ya nani. Ikiwa ni yeye, walilala. Ikiwa ni Mshale, dereva mwenzake mwenye damu ya moto aliyesubiri ubao umpige usoni, waliambiana, "Leo Mshale, shikeni vyuma."

Sasa sikiliza yaliyompata, maana mpaka leo nikiyakumbuka nachemka.

Nauli ilipanda. Haikupanda kidogo kidogo kama homa, ilipanda kwa nusu nzima kwa siku moja, bila hata hodi. Watu walipoanza kupiga kelele, msemaji wa shirika la reli akaja redioni na sauti yake laini ya mtu aliyekunywa chai ya maziwa, akasema wananchi wawe waelewa. Wafanyakazi, hususan madereva, wamedai nyongeza ya mishahara, na fedha ya nyongeza haianguki kutoka mbinguni. Akamaliza, akaaga, akaingia kwenye gari lake lenye kiyoyozi akaenda zake. Huyo hajui hata viti vya behewa vina rangi gani.

Ukisikia fitina, ndiyo hiyo. Nyongeza yenyewe ilikuwa bado ni karatasi. Ilitiwa saini, viongozi wakashikana mikono mbele ya kamera, ikaishia hapo. Hakuna dereva aliyeiona, wala kuinusa. Lakini nani atakuamini? Gazeti moja likachapisha mshahara wa dereva, na aliyechaguliwa ni yule mkongwe kuliko wote, pamoja na marupurupu yake yote ya usiku na ya sikukuu, wakaandika chini yake kwa herufi nene: HIKI NDICHO UNACHOKILIPIA. Redioni ikawa ni hiyo hiyo asubuhi, mchana, jioni. Mpiga simu mmoja akauliza dereva wa treni analipwa kwa kazi gani hasa, ikiwa treni haina hata usukani na njia imeshachorwa na vyuma? Mtangazaji akacheka mpaka akakohoa.

Maziwa aliyasikia hayo akiwa jikoni kwake, akazima redio, akanyamaza. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Kitu kikimuuma alikimeza, na akisha kukimeza kinamkaa.

Kilichomshinda kumeza kilitokea stesheni kuu siku ya Jumatano. Alikuwa ameshasimamisha treni, abiria wanashuka, naye ametoa kichwa dirishani kama kawaida yake ili awasalimie wale anaowajua. Hakuna aliyemsalimia. Mara pakiti ya maziwa ikaruka kutoka kwenye umati, ikampasukia kifuani. "Kunywa, tajiri!" mtu akapiga kelele, na umati mzima ukacheka. Maziwa yakamtiririka kutoka kwenye kola mpaka kwenye mkanda. Akafuta macho. Na alipofumbua, katikati ya wale watu aliowabeba miaka yote hiyo, akamwona mdogo wake.

Mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, walimwita Dobi kwa sababu alifua mashuka ya hospitali kuu. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili na ulimi usio na kifuniko. Kila alfajiri alipanda treni ile ile. Macho yao yakakutana. Dobi hakucheka, hilo nalisema kwa haki yake. Lakini aligeuza uso, akavuta mtandio wake, akapotea na watu.

Jioni yake akaja nyumbani kwa kaka yake kama vile hakuna kilichotokea. Nyumba za reli zilikuwa nyuma ya kile kivuko cha machimbo, vyumba viwili na ua, na Dobi alipanga mtaa wa pili. Akamkuta Maziwa amekaa kwenye ngazi, mkewe anasonga ugali ndani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakumtazama.

"Umenuna."

"Uliniona leo."

Dobi akakaa kwenye ngazi ya chini. "Nilikuona."

"Ukageuza uso."

"Ulitaka nifanye nini, kaka? Nipande juu ya ndoo nitangaze kwamba huyo ni ndugu yangu? Wangenimwagia na mimi. Wewe uko juu kule dirishani, mimi niko chini nao. Naminywa nao, natozwa nao. Hii nauli mpya, wiki haijaisha mfuko umetoboka. Juzi nimetembea kurudi, miguu imevimba kama magunia. Na redioni wanasema ni kwa ajili yenu."

"Redioni!" Maziwa alisimama. "Umeona nimenunua nini? Umeona nimejenga? Hiyo nyongeza sijaiona hata kwa ndoto!"

"Basi semeni! Mbona mmekaa kimya? Mtu akikaa kimya, watu wanajua ameshiba."

Hapo ndipo shetani alipompitia. Mtu mpole akikasirika, mwogope, kwa maana hana mazoezi. Maziwa alisema, tena kwa sauti ambayo majirani waliisikia, "Ada ya wanao inatoka wapi? Viatu vyao vinatoka wapi? Si kwenye mshahara huu huu mnaoumwagia maziwa? Usile kwangu halafu uje kunitukana mlangoni."

Hata mwiko jikoni ulisimama. Kusimangwa na mtu baki kunauma, lakini kusimangwa na kaka yako aliyekubeba mgongoni, hilo halina dawa. Dobi alijikung'uta vumbi la sketi, polepole, kama mtu anayetaka mikono yake iwe na kazi. Akaingia jikoni, akanong'ona na wifi yake kitambo, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga.

Maziwa alijuta kabla hata mlango haujafungwa. Lakini kujuta na kumfuata mtu ni vitu viwili. Badala ya kumfuata, alichukua simu akaenda nyuma ya bafu, akampigia Mshale. Hakutaka kesho kuiona ile stesheni. Hakutaka kumwona Dobi akipanda behewa lake na ule uso. Kuwaomba radhi hawezi, kuwatukana hawezi. Basi akakimbia, na mimi sina jina lingine la kuliita jambo hilo.

"Nichukulie zamu ya asubuhi," alisema.

"Mzee, wewe?" Mshale alishangaa. "Tangu nianze kazi hujaomba kubadilishana zamu hata siku moja. Unaumwa?"

"Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Mshale, unachukua au huchukui?"

"Nachukua, mzee. Utanirudishia Jumapili, nina harusi ya binamu."

Ndivyo madereva walivyofanya siku zote. Wawili wakikubaliana, wanamwambia karani wa zamu, karani anafuta jina hili anaandika lile, imekwisha. Abiria hawaambiwi, waambiwe ya nini? Maziwa akarudi ndani, akala kidogo, akalala akiwa amegeukia ukuta. Mkewe alitaka kusema kitu, akasita, akazima taa.

Kwa kawaida Maziwa aliondoka alfajiri bila kumwamsha mkewe. Kwa hiyo mama huyo alipoamka siku ile akakuta upande wa pili wa kitanda ni mtupu, hakushtuka. Alijifunga khanga, akachukua birika, akatoka uani. Na pale uani, akiwa na fulana na kandambili, akigongelea msumari kwenye banda la kuku, alikuwa amechuchumaa mumewe.

Birika lilimtoka mkononi.

"Wewe! Mbona uko hapa?"

"Sijaenda. Nimebadilishana zamu."

"Na nani?"

"Na Mshale. Kwani kuna nini?"

Yule mama alishika mdomo kwa mikono miwili. Maziwa kwanza alidhani amepata habari ya msiba. Hakuwa mbali sana na ukweli.

"Wamekaa relini," alisema hatimaye. "Kivukoni. Wifi na wenzake. Walipanga tangu juzi, treni ya kwanza isifike mjini mpaka nauli irudi. Aliniapisha nisikuambie. Alisema ukijua itabidi uripoti, na ukiripoti polisi watawawahi."

"Kivukoni wapi? Chini ya kona?"

"Pale pale. Wengine waliogopa. Dobi akawaambia, 'Kaeni bila wasiwasi, asubuhi anaendesha kaka yangu. Yule akitoka kwenye kona hata kuku anawahi kuvuka.' Ndipo wakakubali, baba. Kwa ajili yako."

Jamani. Watu waliomwita mwizi redioni, waliommwagia maziwa kifuani, walikuwa wamekwenda kukaa juu ya reli, wake kwa waume, kwa sababu moja tu, kwamba waliuamini mkono wake kuliko walivyomwamini mtu mwingine yeyote katika shirika lile. Na mkono wenyewe ulikuwa umeshika nyundo uani.

Alimpigia Mshale. Simu imezimwa. Ni kanuni, dereva akipanda kwenye kichwa cha treni anazima simu yake, na yeye mwenyewe Maziwa ndiye aliyemfundisha Mshale kuifuata. Akapiga chumba cha kuongozea treni. Mwongozaji wa zamu akapokea huku anatafuna kitu.

"Simamisha treni ya kwanza," Maziwa alisema. "Kuna watu wamekaa kivuko cha machimbo."

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Maziwa! Weka taa nyekundu juu ya mteremko!"

"Maziwa? Karani ameandika wewe mgonjwa." Akameza alichokuwa anakitafuna. "Umewaona hao watu?"

"Sijawaona. Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

Mwongozaji akaguna. "Sikiliza, kaka. Wiki iliyopita nyinyi madereva mara ng'ombe relini, mara jiwe relini, mara mti umeanguka. Nasimamisha treni, natuma watu, hakuna ng'ombe hata kinyesi chake. Mgomo wenu wa kimya kimya, mnadhani hatuujui? Nimepewa onyo kwa sababu yenu. Leo mmeleta watu."

"Wallahi ni watu! Ni watu kweli!"

Na hapa tuseme ukweli, wenzake walikuwa wamefanya hivyo. Maziwa hakuwahi kumsingizia ng'ombe, lakini aliwasikia wenzake wakicheka kwenye chumba cha chai na hakusema kitu. Sasa kicheko kile kilikuwa kinamrudia kwenye sikio.

"Nitajie mtu," mwongozaji alisema. "Mmoja tu. Jina kamili, niliandike kwamba fulani yuko relini kwa taarifa yako. Nikisimamisha treni bila jina, leo hii mimi ndiye niliyegoma, nafukuzwa kazi. Nikiandika jina, napigia polisi, nimefuata utaratibu. Nitajie."

Mkewe alikuwa amesimama mbele yake, anatikisa kichwa. Polisi wakiwa na jina, hospitali watalipata, na hospitali haikuwa na subira na mfua mashuka aliyelala kituoni. Maziwa alijua. Alijua pia jinsi Mshale anavyouingia ule mteremko.

Akalitaja. La mdogo wake, la baba yao na la babu yao, yote matatu, bila kukosea.

"Na wewe ni nani wake?"

"Kaka yake. Weka nyekundu, nakuomba, weka!"

"Naweka. Kama hajaipita."

Hakusubiri. Alitoka mbio na zile kandambili, akadaka pikipiki ya kwanza pembeni mwa barabara, akaruka nyuma hata kabla mwenyewe hajageuka. "Kivukoni! Kimbiza!"

"Mzee, tuelewane kwanza bei—"

"Kimbiza, mwanangu, watu watakufa!"

Kijana wa watu akakimbiza.

Walipofika, Maziwa aliona kitu ambacho hakukitarajia. Alitarajia fujo, mawe, makelele. Kumbe palikuwa pametulia kama uani kwa mtu. Walikuwa wamejipanga juu ya mataruma ya reli, wamekunja miguu, wengine wamekalia magunia, na mabango ya maboksi yameegemezwa kwenye chuma: NAULI IRUDI. Mama mmoja alikuwa anagawa chai kutoka kwenye chupa. Mlinzi mzee wa duka mwenye mguu mbovu alikuwa amejinyoosha kabisa, kichwa juu ya begi lake, anasinzia. Dobi alikuwa katikati, amekalia shuka kuukuu la hospitali lililokunjwa mara nne. Ule utulivu ulimtisha Maziwa kuliko kelele yoyote.

"Tokeni!" alipiga kelele. "Tokeni relini!"

Wakageuka. Wakamwona. Na unajua walifanya nini? Walishangilia! Walidhani ameacha treni akaja kuungana nao. "Maziwa! Maziwa!" wakaimba, wanapiga makofi, mlinzi mzee akaamka naye akapiga makofi bila kujua kwa nini. "Dereva wetu huyo! Karibu baba, kaa hapa!" Maziwa anapunga mikono, wao wanapunga mikono. Anapiga kelele, wao wanazidisha wimbo. Sauti yake ilimezwa kabisa.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Dobi alimtazama kaka yake, fulana, miguu yenye vumbi, kandambili. Akatazama kule kwenye kona. Akamrudia tena usoni, na Maziwa aliliona swali likimwingia kabla hajalisema.

"Kaka," alisema, "kama wewe uko hapa, nani yuko kule?"

Hakungoja jibu. Aliruka juu akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka sokoni: "Ni Mshale! Jamani, anayekuja ni Mshale!"

Hapo makofi yalikatika. Hakuna hotuba ya kiongozi yeyote ambayo ingewatoa watu wale relini, lakini lile jina liliwatoa. Chai ikamwagika, magunia yakaachwa, watu wakaporomoka kwenye kokoto wakikanyagana. Na chuma kikaanza kulia. Wenye kukaa karibu na reli wanaujua mlio ule mwembamba unaotangulia treni. Mlinzi mzee alikuwa anahangaika, mguu haukunjuki. Dobi alikuwa ameshafika salama upande wa pili, akarudi. Akamshika mzee kwapa la kulia. Maziwa akamfikia, akamshika la kushoto. Wakamburuta kama gunia la mkaa, mzee analia, "Begi langu, begi langu!"

Treni ilitokeza kwenye kona ikipiga honi, magurudumu yamefungwa, cheche zinaruka chini. Ikapita pale walipokuwa wamekaa. Ikalisaga begi, ikasaga chupa ya chai, ikasaga mabango, ikaendelea kuteleza mpaka behewa la tatu lilipovuka barabara, ndipo ikasimama. Hakuna aliyeguswa.

Mshale alishuka ngazi za kichwa cha treni kwa kutumia makalio, kama mtoto. "Taa iligeuka nikiwa naikaribia," alirudia kumwambia kila aliyemtazama. "Nilikuwa naikaribia. Ingechelewa kidogo, ningekuwa nimeshapita. Mzee, ningekuwa nimeshapita." Akaificha mikono kwapani.

Polisi hawakukawia. Sajini alishuka na kipande cha karatasi, akasoma jina la Dobi, la baba yake na la babu yake.

"Sote tulikaa," mama wa chai alisema.

"Mimi nimepewa jina moja," alisema sajini. "Wengine sijawaona."

Dobi alisogea mbele mwenyewe. Nywele zilikuwa zimejaa vumbi la kokoto. "Nani kawapa jina langu? Tena mpaka la babu?"

Watu wakatazamana. Maziwa angeweza kunyamaza. Mwongozaji asingesema, mkewe asingesema.

"Mimi," alisema.

Minong'ono ikapita kwenye kundi, na yule mama wa chai akatema mate chini. Dobi hakutema. "Mimi nilikutukana usoni, kaka," alisema. "Halafu nikaja nikakaa hapa kwa kukuamini. Wewe umenikimbia bila neno, halafu umenishitaki."

"Wasingesimamisha treni bila jina."

"Najua. Nimeelewa, si mjinga." Akapanda gari la polisi, akakaa kwenye benchi la nyuma.

Maziwa akapanda nyuma yake. Sajini akamwambia hana kesi naye. Maziwa akajibu basi aandike, dereva alidanganya ni mgonjwa, akatoka zamu, akajua kuna watu relini, aandike chochote anachotaka, lakini mdogo wake haendi kituoni peke yake. Alikuwa analia, machozi yanashuka na hayafuti. "Yale niliyosema jana," alimwambia Dobi, "ya ada, ya viatu. Nisamehe, mdogo wangu. Nilisema kwa hasira, si kweli."

"Ni kweli," Dobi alisema. "Kama yangekuwa uongo yasingeniuma. Shuka."

"Sishuki."

"Shuka, kaka! Mimi hospitali wakisikia, kibarua kimeota nyasi leo leo. Na wewe ukifukuzwa, wale watoto watakula nini? Wewe na mimi tukae wote ndani, nani atabaki? Huo mshahara wako, mkubwa mdogo, ndio huo tulio nao." Akamsukuma begani. "Waandalie uji wanangu waende shule. Uwaambie nimepata zamu ndefu. Shuka!"

Alishuka. Alishuka kwa sababu Dobi alikuwa amesema kweli. Gari likaondoka. Dobi hakugeuka nyuma.

Akampigia mkewe aende kwa watoto. Alipokata tu, mwongozaji akampigia, anapiga kelele, njia ifunguliwe, treni nyuma zimejipanga. Mshale alikuwa bado amekaa kwenye kokoto, mikono kwapani. Alitikisa kichwa. Hawezi. Karatasi zitasema aliendesha yeye, lakini leo hawezi. Maziwa akamshika mkono akampandisha, akamkalisha kiti cha pembeni, yeye akakaa pa dereva na kandambili zake.

Chini, wale watu walikuwa wamesimama kandokando ya njia. Jua lilikuwa limeshatoka. Kuna wenye mabosi wasiosikia udhuru, kuna wenye vibarua vya siku. Mmoja akapanda. Wa pili akamfuata. Mama wa chai akaokota kifuniko cha chupa yake, akakitazama, akakitupa, naye akapanda. Mlinzi mzee ikabidi ainuliwe. Mkaguzi wa tiketi akapita behewa hadi behewa, akawatoza nauli mpya, na wakalipa, bila mtu kuinua uso.

Maziwa alipiga honi, akaachia breki, akawapeleka kazini.